Pombe ya mja mzito huacha kovu katika akili ya mtoto

MTOTO umleavyo ndivyo akuavyo, husema wahenga. Hata hivyo, wapo watoto ambao masaibu yao yalianza kabla ya malezi, wangali tumboni, kutokana na pombe waliyokunywa mama zao.

Mja mzito anapokunywa pombe, iwe bia, mvinyo, busaa au chang'aa, kileo hupenya kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto. Ini la mtoto huyo halijakomaa, hivyo haliwezi kukiondoa kileo upesi. Ubongo ndio huumia zaidi, kwa kuwa hukua muda wote wa mimba.

Mnamo 1973, madaktari Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, walieleza katika jarida la Lancet dalili za watoto waliozaliwa na akina mama walevi: umbo dogo, macho membamba na kudumaa kwa akili. Lakini waathiriwa wengi hawana alama yoyote usoni. Kasoro yao imejificha ubongoni, na ndiyo maana hawatambuliwi.

Mtoto wa aina hii husahau leo alichofunzwa jana, hatulii darasani na hutenda jambo bila kuwazia matokeo yake. Mwalimu humwita mtukutu. Mzazi humwona mkaidi. Viboko, vilivyopigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, havimfunzi lolote, maana ni vigumu kwake kuhusisha adhabu na kosa. Akikemewa kila uchao, hujiona hafai. Wasiwasi na huzuni isiyokwisha humwandama hadi utu uzima.

Mwaka wa 1996, mtafiti Ann Streissguth wa Chuo Kikuu cha Washington alitoa ripoti kuhusu waathiriwa 415. Zaidi ya asilimia 90 walikuwa wamepata matatizo ya afya ya akili. Aidha, alibaini kuwa waliotambuliwa kabla ya kutimiza miaka 6, na waliolelewa katika nyumba yenye utulivu, waliepuka mengi ya masaibu ya baadaye, yakiwemo kuacha shule na kukosana na sheria.

Ingawa kovu hilo la ubongo halifutiki, mtoto anaweza kusaidiwa. Apewe agizo moja kwa wakati, kwa maneno machache. Ratiba yake isibadilishwe ovyo. Ushauri nasaha, na wakati mwingine dawa, hupunguza makali.

Wataalamu wanasisitiza kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa mja mzito. Isitoshe, kuacha katika mwezi wowote wa mimba kuna faida. Aliyezama katika ulevi asiache ghafla pasipo daktari, kwani kufanya hivyo kwaweza kuhatarisha maisha yake.

Kumlaumu mama hakusaidii, kwani wengi hunywa kabla ya kujua ni wajawazito, na anayeogopa kuaibishwa huificha siri hiyo kliniki. Muuguzi na aulize kwa upole. Mama naye aseme kweli. Ukweli huo huenda siku moja ukamwokoa mtoto na fimbo asiyostahili.