Gari Jipya kwa Kila Mfuko: Rekodi za Dunia kutoka Nano hadi Bugatti

Kwetu wengi hununua gari lililokwishatembea Japani, kwa hiyo mashindano ya magari mapya, yale ambayo mita bado inasoma sifuri, tunayatazama tukiwa jukwaani. Basi tukae vizuri jukwaani. Kila daraja la pesa lina bingwa wake, na ukivuka mpaka bingwa anabadilika. Tuanze na mfuko mwembamba.

1. Bei ya chini kabisa: Tata Nano, India

Tarehe 10 Januari 2008, mjini New Delhi, Ratan Tata alionyesha gari la rupia 100,000, kama dola 2,500 za wakati ule. Mpaka leo, likitajwa gari jipya la bei ya kutupa, Nano ndilo la kwanza kutajwa.

Bei hiyo ilipatikana kwa kubana kila kilichobanika. Waipa moja badala ya mbili. Nati tatu kwa kila gurudumu. Toleo la chini halikuwa na kiyoyozi. Injini ilikaa nyuma, kwa hiyo kuweka mafuta ulifungua boneti ya mbele! Buti ya matoleo ya kwanza haikufunguka kwa nje: ulilaza siti ya nyuma ndipo ukapenyeza mzigo. Injini yenyewe ilikuwa ya silinda mbili na cc 624, yaani kama bodaboda nne za cc 150 zikiunganishwa.

Kuna rekodi nyingine ambayo wenyewe hawakuitangaza. Mwaka 2014 shirika la Global NCAP liliigongesha Nano kwenye jaribio la ajali, ikapata nyota sifuri kati ya tano. Uzalishaji ulikoma 2018. Kwa bei ni bingwa, ila simshauri mtu.

2. Dogo la umeme: Wuling Hongguang Mini EV, China

Julai 2020, bei ya kuanzia yuani 28,800, kidogo juu ya dola 4,000. Urefu wake ni mita 2.92: egesha mawili mkia kwa pua, na yataenea kwenye nafasi ya Coaster moja. Linakaa watu wanne, mwendo wake wa mwisho ni kilomita 100 kwa saa, na linachajiwa kwenye soketi ya nyumbani.

Betri ndogo inakupa kilomita 120. Hiyo ni Dar es Salaam hadi Chalinze, na usipange kurudi siku hiyo hiyo kabla ya kuchaji. Toleo la bei ya chini lilitoka kiwandani bila mifuko ya hewa, na hapo ndipo dola zilipookolewa.

Mpinzani wake wa Ulaya ni Citroën Ami ya Ufaransa, iliyotoka mwaka huo huo kwa euro 6,000 na ushee. Siti mbili, kilomita 75 kwa chaji moja, na mwendo usiozidi kilomita 45 kwa saa. Bodaboda yoyote inaipita. Ajabu yake ni nyingine: kisheria si gari kamili, kwa hiyo Ufaransa kijana wa miaka 14 anaruhusiwa kuiendesha. China imeshinda mbali sana.

3. Nyota nyingi kwa rupia chache: Tata Nexon, India

Kampuni ile ile ya Nano! Desemba 2018 Nexon ikawa gari la kwanza lililotengenezwa na kuuzwa India kupata nyota tano za Global NCAP. Bei yake ya kuanzia iko chini ya rupia milioni moja. Kutoka sifuri hadi tano ndani ya miaka mitano: kwa nyumba moja ya magari, huo ni mruko wa kuvuliwa kofia.

4. Kipenzi cha Ulaya: Dacia Sandero

Ungedhani Ulaya inaongozwa na Mjerumani. Mwaka 2024 gari jipya lililouzwa kuliko yote barani humo lilikuwa hili la chapa ya Romania, inayomilikiwa na Renault. Halina mbwembwe, na bei yake ya kuanzia katika nchi nyingi imekuwa chini ya euro 15,000. Zaidi ya robo milioni yaliondoka mwaka huo.

Pima hapo. Kenya nzima, mwaka 2023, iliuza magari mapya kama 11,000, malori, pikapu na mabasi yakiwemo. Kwa kasi hiyo Kenya ingehitaji zaidi ya miaka 20 kufikia mauzo ya mwaka mmoja ya gari hili moja. Na bingwa huyu wa Ulaya ana kiwanda Afrika: Sandero nyingi zinaundwa Tangier, Moroko, kisha zinavushwa bahari kwenda kwa wateja.

5. Lililogombaniwa kwa kasi: Xiaomi YU7, China

Ndiyo, Xiaomi wale wale wa simu. Juni 2025 walifungua oda za YU7, gari la umeme la familia linaloanzia yuani 253,500. Ndani ya dakika tatu oda zilifika 200,000. Wimbo mmoja wa bongo fleva haujaisha! Saa moja ilipotimia zilikuwa 289,000.

Uwanja wa Benjamin Mkapa unabeba watu 60,000. Wateja wa saa ile moja wangeujaza mara nne, na wengine 49,000 wangebaki getini. Mwenye kutoa kasoro atasema amana ilikuwa yuani 5,000 tu na ilirudishwa ukibadili nia. Sawa. Lakini nani mwingine amewahi kukusanya amana 200,000 kwa dakika tatu?

6. Bei inayouma kuliko zote: Camry ya Singapore

Hapa ndipo ramani inapoamua kuliko gari. Toyota Camry ya haibridi ni gari la kawaida kabisa, la mwalimu mkuu au karani mwandamizi. Mwaka 2023, Marekani ilianzia dola 28,855. Singapore, pamoja na ushuru na kibali, ilikaribia dola 183,000 za Kimarekani. Gari lile lile, bei zaidi ya mara sita!

Mla pesa mkubwa ni kibali. Tangu 1990, kabla hujasajili gari Singapore unapaswa kushinda mnada wa serikali unaofanyika mara mbili kwa mwezi. Vibali vina idadi maalumu, na kila kimoja hudumu miaka 10. Baada ya hapo unalipia upya au gari linaondoka barabarani. Oktoba 2023 kibali cha gari dogo kiligonga dola 106,000 za Singapore. Gawanya kwa siku za miaka 10: ni kama dola 29 za huko kila siku inayopambazuka, hata gari likilala gereji. Bado hujanunua tairi, wala usukani, wala tone la mafuta.

Sababu ni ardhi. Nchi yote haifiki nusu ya kisiwa cha Unguja, na ina watu zaidi ya milioni sita. Wakubwa wameamua barabara zisigeuke maegesho. Kwa bajeti yoyote ile, jibu langu kwa mkazi wa Singapore ni treni.

7. Foleni ndefu kuliko zote: Land Cruiser 300, Japani

Shangingi halikosi kwenye orodha. Toleo la 300 lilizinduliwa 2021, na Januari 2022 Toyota wakawatangazia wateja wa Japani kwamba huenda mtu akasubiri hadi miaka minne. Siku unayoagiza, mwanao anaingia kidato cha kwanza. Ukikabidhiwa ufunguo, yeye anamaliza kidato cha nne.

Magari hayo yaliwindwa na walanguzi na wezi, kiasi kwamba wauzaji wa Japani waliwasainisha wanunuzi wa mwanzo ahadi: hulirushi nje ya nchi, hulipigi bei, mpaka mwaka upite. Sijui gari jingine linalouzwa kwa masharti ya posa.

8. Mwendo mrefu kwa chaji moja: Lucid Air Grand Touring, Marekani

Ukiwa na zaidi ya dola 100,000, hili ndilo la safari. Julai 2025 liliondoka St. Moritz, Uswisi, likaingia Munich, Ujerumani, baada ya kilomita 1,205 bila kuchaji tena. Guinness wakaandika. Njia iliteremka kutoka milimani, na hilo lilisaidia. Hata hivyo ni Dar es Salaam hadi Mwanza, na chaji ya kuzungukia mjini inabaki.

9. Ghali na kasi: Bugatti dhidi ya BYD

Mwaka 2019, mjini Geneva, Bugatti walionyesha La Voiture Noire. Limeundwa moja tu: euro milioni 11 kabla ya kodi, injini ya silinda 16, nguvu za farasi 1,500. Kwa pesa hiyo unapata Sandero zaidi ya 700.

Mwaka huo huo Bugatti nyingine, Chiron, ilifika kilomita 490.48 kwa saa, na Ulaya ikalala usingizi mnono. Ukaisha Septemba 2025. Kwenye uwanja wa majaribio wa Papenburg, Ujerumani, gari la umeme kutoka China, Yangwang U9 Xtreme, liligonga 496.22! Treni yetu ya SGR, ikikata mbuga kwenda Dodoma, hufikia 160. Hili ni mara tatu yake.

Aliyelitengeneza ni BYD, na kampuni hiyo hiyo ndiyo inayouza Seagull, gari dogo la milango mitano lililoshushwa hadi yuani 69,800 mwaka 2024. Uingereza linaitwa Dolphin Surf na usukani uko kulia, kama wetu. Kwa hela yangu mwenyewe, katika orodha hii yote, nachukua hilo.