Kompyuta Yenye Mifumo Miwili: Faili Lililobadilika Hutambuliwaje?

Mwalimu anayehifadhi alama za wanafunzi wake katika kompyuta hana budi kuweka nakala ya akiba katika diski nyingine, kwani diski ni chombo, na kila chombo huharibika. Programu ifanyayo kazi hiyo hainakili mafaili yote kila siku; hunakili yale tu yaliyobadilika. Je, huyatambuaje?

Kwa kawaida hutazama mambo mawili: ukubwa wa faili, na tarehe na saa lilipoandikwa mara ya mwisho. Programu ya rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, hufanya hivyo isipoamriwa vingine. Njia hii ni ya haraka, maana haihitaji kusoma yaliyomo.

Hata hivyo, ukubwa peke yake hautoshi. Katika faili la maandishi matupu, alama 47 ikisahihishwa kuwa 74, idadi ya tarakimu ni ile ile na ukubwa haubadiliki. Tegemeo linabaki kwenye saa. Nayo saa huweza kupotosha pale kompyuta moja inapokuwa na mifumo miwili ya uendeshaji, kama vile Windows na Linux, ambapo mtumiaji huchagua mmojawapo anapoiwasha.

Ndani ya kompyuta mna saa iendeshwayo kwa betri. Kwa desturi, Windows huichukulia kuwa inaonyesha saa za mahali, na Linux huichukulia kuwa inaonyesha saa za ulimwengu, zinazohesabiwa kutoka Greenwich. Afrika Mashariki iko mbele ya saa hizo kwa saa 3.

Tuchukue mfano. Saa nane mchana, mwalimu aliyeko Dodoma anatengeneza nakala ya akiba akitumia Linux. Saa ya ndani inaonyesha saa tano. Kisha anaiwasha upya kompyuta kwa Windows, bila intaneti ya kurekebisha saa. Mfumo huo unaidhania ile saa tano kuwa ni saa ya Dodoma. Ifikapo saa tisa alasiri anasahihisha alama, na faili linapigwa mhuri wa saa sita. Jioni programu inatafuta mafaili yaliyoandikwa baada ya saa nane. Faili la alama linaachwa. Diski ikiharibika usiku huo, sahihisho limepotea, wala hakuna onyo lililotolewa.

Kinga ni tatu. Kwanza, mifumo yote miwili ipangwe kuisoma saa ya ndani kwa namna moja. Pili, programu isiulize kama mhuri ni mpya zaidi, bali kama unatofautiana na ule iliouandika mara ya mwisho. Kwa njia hiyo faili letu lingeonekana. Tatu, mara kwa mara yaliyomo yenyewe yahakikiwe. Njia ya SHA-256 hukokotoa, kutokana na faili zima, alama yenye herufi na tarakimu 64. Kazi hii huchukua muda, kwa kuwa kila faili lazima lisomwe lote, lakini haitegemei saa yoyote.

Wanafunzi wanaweza kujaribu wenyewe. Katika Linux, andikeni 47 ndani ya faili, kisha toeni amri ya sha256sum mkitaja jina la faili hilo. Badilisheni 47 iwe 74, mrudie amri. Ukubwa wa faili utakuwa ule ule. Linganisheni alama mbili mlizopata.