Kompyuta Inayolijua Tofali la Ndalambo

Orodha ya mafaili ndiyo iliyonisimamisha. Wachoraji ramani niliowahi kuwatembelea huyaita mafaili yao kwa majina ya wateja: nyumba ya mwalimu, fremu za duka za mama fulani, ukumbi wa kanisa. Huyu wa Ndalambo, wilayani Momba, mafaili yake ya juu kabisa yana majina ya matanuru ya matofali. Tanuru la mtoni. Tanuru la bondeni. Tanuru la nyuma ya shule. Moja limeandikwa "la zamani, usitumie". Nyumba za watu zinafuata chini ya hayo.

Nilikuwa nimefika kwa shughuli nyingine kabisa, habari za bei ya mahindi, ambazo zilishachapwa na kusahauliwa. Matanuru yale hayakusahaulika. Nikarudi kuuliza.

"Hizo ndizo ramani zenyewe, kaka," alinijibu. "Zilizobaki ni kujaza."

Jina lake hataki liandikwe. Ana stashahada ya ujenzi aliyoisomea Mbeya, ila hajasajiliwa na bodi ya wasanifu, na angependa jina lake lifike huko kabla halijafika gazetini. Kompyuta yake ni mpakato wa zamani ambao betri yake haishiki chaji, uliokaa juu ya meza iliyotengenezwa na seremala wa jirani. Pembeni kuna matofali mawili ya kuchoma, moja jekundu sana, jingine limepauka, yote yameandikwa tarehe kwa chaki. Nilidhani ni ya kuzuia karatasi zisipeperuke.

Kila anayechora kwa programu kama AutoCAD anakijua kiolezo: lile faili tupu unaloanzia kazi, ambalo ndani yake vipimo, unene wa mistari na ukubwa wa maandishi vimeshapangwa. Programu yenyewe huja na violezo vyake, kimoja cha inchi na kingine cha milimita. Wengi huanzia hapo na kupanga kila kitu upya kila mara, na ndiyo maana kazi ya siku mbili inakuwa ya wiki. Ushauri wa kutengeneza kiolezo chako mwenyewe hutolewa chuoni katika siku za mwanzo kabisa. Sikuwahi kumwona mtu aliyeufuata mpaka tanuruni.

Anavyofanya ni hivi. Mteja akishasema matofali atachukua kwa nani, yeye hupanda pikipiki hadi kwenye tanuru. Huomba matofali 11, akayapanga chini kwenye mstari mmoja, yakiwa yamelala kwa urefu, na kati ya tofali na tofali akaacha nafasi ya udongo kama fundi atakavyoacha. Kisha anapima kwa futi ya chuma kuanzia mwanzo wa tofali la kwanza hadi mwanzo wa tofali la 11. Anapata urefu wa matofali 10 pamoja na viungo vyake 10. Kwa tanuru la mtoni, mara ya mwisho, ilikuwa mita 2 na sentimita 38. Kila tofali, basi, linakula sentimita 23.8 za ukuta.

Namba hiyo ndiyo anayoiingiza kwenye kiolezo. Programu ina uwezo wa kutandaza gridi ya vidoti kwenye kioo na kulazimisha kalamu irukie kutoka kidoti hadi kidoti, isiweze kusimama katikati. Watu wengi huizima kwa sababu inawakera. Yeye ameiwasha na kuipa hatua ya milimita 238. Akivuta ukuta, ukuta unakwenda tofali kwa tofali. Alinionyesha: mstari unaruka, unasimama, unaruka. Nilimwomba arudie, akarudia, nami nikaendelea kutazama kama mtoto aliye mbele ya cherehani.

Faida yake inaonekana saiti. Chukua ukuta wa chumba wa mita 3.50, namba nzuri ya mviringo inayopendwa na kila mchoraji. Kwa tofali la mtoni, ukuta huo unakula matofali 14 mazima halafu unabaki na nafasi ya karibu sentimita 17. Fundi atafanya nini? Atachukua tofali zima, atalipiga kwa ukingo wa mwiko, na kwa kuwa ni la kuchoma kienyeji litapasuka linavyotaka lenyewe. Kipande kimoja kinaingia ukutani, kingine kinatupwa. Ukuta wenye kozi 27, yaani safu 27 za matofali, una vipande 27 vya namna hiyo, na hapo tumehesabu upande mmoja wa chumba kimoja. Yeye huvuta ukuta huohuo hadi tofali la 15, ukawa mita 3.57. Chumba kimekua kwa sentimita saba ambazo mwenye nyumba hatazigundua, na tofali halijavunjwa. Kwenye kona na kwenye milango hesabu inakuwa ngumu zaidi, na huko, anakiri, bado mwiko unafanya kazi.

"Chuoni tulifundishwa kwamba ukichora haraka umefanikiwa," aliniambia. "Mimi nilikuwa mwepesi sana. Ramani yangu ya kwanza hapa niliimaliza siku moja. Fundi akaichukua, akaitazama, akaikunja, akaiweka mfukoni. Hakuifungua tena mpaka paa lilipopanda. Nilikuwa namwona kila siku anapima kwa kamba yake. Nikamuuliza, mzee, mbona ramani huitumii? Akaniambia, kijana, ramani yako haina matofali."

Siku hizi kwenye karatasi anaandika vipimo viwili, cha mita juu ya mstari na cha matofali chini yake: 3.57, na chini 15. Mafundi, anasema, husoma cha chini. Cha juu ni cha mwenye nyumba na benki.

Wenye historia ya kazi hii watasema jambo hilo si geni, kwamba wajenzi walipima kwa tofali kabla ya mita kuwepo. Ni kweli. Kilichonishika mimi ni mahali alipoliingiza tofali lenyewe. Ivan Sutherland alipoonyesha mwaka 1963, kule MIT nchini Marekani, kwamba mtu anaweza kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta, na AutoCAD ilipoingia sokoni mwishoni mwa 1982, ahadi kubwa ilikuwa usahihi: mstari usiokosea hata kwa unywele. Msanifu Beda Amuli na wenzake walichora Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1975, kwa kalamu na karatasi, na bado lilisimama. Leo kijana wa Ndalambo anao usahihi ule wa unywele, na ameutumia kuifundisha mashine kuliheshimu tofali lisilonyooka.

Mengine katika ufundi wake ni ya kawaida zaidi, ingawa yanafaa kuibwa. Mkono wake wa kulia hauachi kipanya, wa kushoto hauachi kibodi. Amri ya kuchora mstari huitwa kwa L, herufi iliyo upande wa kulia, kwa hiyo kila mara mkono wa kushoto unasafiri. Amelifungua faili dogo la maandishi linalohifadhi vifupisho vya amri, akaupa mstari herufi A, iliyokuwa ya tao, kwa kuwa matao huchora mara chache. Kuhamisha kumekuja kwenye S. "Ukihesabu safari za mkono huu kwa mwaka," alisema akiinua wa kushoto, "umefika Sumbawanga." Kwa sababu ya umeme, programu ambayo kwa kawaida hujihifadhia kazi kila baada ya dakika 10 ameiwekea dakika 3. Milango na madirisha hachori. Anavyo tayari kwa vipimo vya fremu anazotengeneza seremala yuleyule wa meza, anaviokota na kuvibandika.

Halafu kuna miti. Hapo ndipo nilipozidi kumpenda, na msomaji ataona.

Programu na maktaba za mtandaoni hutoa miti ya kupamba ramani, miduara yenye majani mazuri ambayo haina jina. Yake ina majina: mwembe, mparachichi, mkaratusi, msindano. Kila mmoja una miduara mitatu. Wa ndani ni shina. Wa kati ni kivuli cha leo. Wa nje, uliochorwa kwa mstari wa nukta, ni kivuli cha baada ya miaka 15. Alikwenda kupima kwa hatua za miguu chini ya miti mikubwa ya majirani ambao wanakumbuka mwaka waliopanda. Akiweka nyumba juu ya kiwanja, duara la nukta la mkaratusi likigusa msingi, anaisogeza nyumba au anamwambia mteja mti haufai hapo. Wateja hubisha sana. Parachichi siku hizi ni fedha, na kila mtu anataka kuzipanda hadi dirishani. Yeye huwaonyesha duara la nje bila kusema neno.

"Nyumba watu wanaijua itakuwaje ikiisha," alisema. "Mti hakuna anayeujua. Wanapanda kijiti."

Nilimuuliza maswali mawili ambayo hayakupendeza. La kwanza lilikuwa la sheria. Sheria ya mwaka 2010 inayosimamia wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi inamtaka anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa, na yeye hajasajiliwa. Alisema jengo la ghorofa au la umma hagusi, hulipeleka kwa msanifu mwenye muhuri mjini. Nyumba ya vyumba vitatu kijijini, aliuliza, asipoichora yeye ataichora nani? Kabla yake zilichorwa ardhini kwa fimbo. Sina jibu la kumpa, na sidhani kama wanaotunga sheria wanalo. La pili lilikuwa la leseni ya programu. Tangu mwaka 2016 kampuni ya Autodesk haiuzi tena leseni ya kununua mara moja. Unalipia kila mwaka, na kwa AutoCAD kamili ni takribani dola 2,000. Alinyamaza kidogo. Akasema alianza na leseni ya bure ya wanafunzi na kwamba sasa anajifunza LibreCAD, ambayo ni ya bure kwa kila mtu. "Sasa anajifunza" ni maneno yake. Mafaili ya matanuru, nilivyoona, bado yanafunguka upande ule mwingine.

Kuna jambo pia ambalo matofali yake hayajalimaliza. Mteja wa mwaka jana alianza na tanuru la bondeni, fedha zikakata, ujenzi ukasimama kwenye kozi ya tisa kama yanavyosimama maboma mengi ya nchi hii. Aliporudi na fedha, tanuru lile lilikuwa limekwisha, akanunua pengine. Tofali jipya lilikuwa fupi. Nyumba ile sasa ina ramani mbili, moja hadi kozi ya tisa na nyingine kuanzia hapo, na fundi amegoma kuitambua yoyote.

Lakini linalomsumbua zaidi ni malipo. Alipoanza kuhesabu matofali, kabla ya violezo, ramani ya nyumba ndogo ilimchukua siku tisa au kumi, na mteja alilipa laki mbili bila manung'uniko mengi. Kwa violezo hivi anamaliza kwa siku moja na nusu, safari ya tanuruni ikiwemo. Mteja wa kwanza aliyepewa ramani siku ya pili alimwambia kwamba kazi ya siku moja haiwezi kuwa laki mbili, wakamalizana kwa themanini elfu. Wa pili alisikia bei hiyo na akaja nayo kichwani. Kwa hiyo siku hizi akimaliza anaifunga, anakwenda Tunduma kuichapa kwenye karatasi kubwa, anairudisha na kuiweka kabatini. Inakaa wiki nzima. Mteja akipiga simu, anaambiwa bado inashughulikiwa.

Nilimuuliza kama huo si ujanja. Alisema yeye hajawahi kuuza siku zake, anauza ramani, ila mteja wa kuinunua hivyo bado hajampata. Kisha akanionyesha zilizokuwa kabatini wakati ule. Zilikuwa nne, zote zimekwisha, na ya juu ilikuwa imebakiza siku mbili kutolewa.