Mwimbaji Aliyekubali Kuonekana Akidhoofika

Mwezi wa Aprili, 1989, Philly Bongoley Lutaaya, mwimbaji wa Uganda aliyekuwa akiishi Sweden, alitamka mbele ya wananchi wenzake kwamba ana Ukimwi. Kabla yake hapana mtu mashuhuri wa nchi ile aliyethubutu kutamka neno hilo juu ya nafsi yake.

Yatupasa, ndugu wasomaji, tukumbuke hali ilivyokuwa. Maradhi hayo yalitambulikana Rakai, kusini mwa Uganda, mwaka 1982, na watu wakayaita “Slim” kwa vile yalivyowakondesha wagonjwa. Serikali ilikwisha anza kuonya tangu 1986, na mabango yalibandikwa. Lakini bango halina uso. Watu walizika vijana wao, na matangani yakatajwa maradhi mengine, au uchawi.

Basi Lutaaya aliposema, wengi hawakumsadiki. Alikuwa na umri wa miaka 37, mtanashati, na nyimbo zake za Krismasi kwa Kiganda zilikwisha pendwa sana. Mtu wa namna hii anaugua nini? Wakanong’ona kwamba amelipwa fedha aje kutisha watu, ama ajitafutia soko la santuri zake. Neno chungu kuambiwa mtu anayekufa!

Angeweza kubaki Sweden, karibu na madaktari, akaugua kwa siri, na hapana ambaye angemlaumu. Yeye alizunguka nchini mwake, shule kwa shule na kanisa kwa kanisa, akieleza na kuimba. Kadiri miezi ilivyopita mwili wake ulipungua, na waliombishia wakapungua pamoja nao. Wapiga picha za sinema walimfuata mpaka kitandani, na filamu yao, “Born in Africa”, ilionyeshwa 1990.

Muziki wenyewe nao uligeuka. Aliyezoeleka kwa nyimbo za kuchangamsha alitunga “Alone and Frightened”, yaani “Mpweke na Mwenye Hofu”. Waenda polepole, waanza na mtu aliye peke yake gizani, kisha wawaita wengine watoke wasimame pamoja. Kwa maoni yetu huo ndio wimbo wake mkubwa kuliko zote, ijapokuwa hauchezeki.

Dawa iliyokuwapo wakati ule ilikuwa moja tu, AZT, tena ghali. Dawa za kuchanganya, ambazo leo humwezesha mfanyakazi mwenye virusi kumeza kidonge chake asubuhi na kwenda kazini, zilianza kutumika 1996. Lutaaya alifariki tarehe 15 Desemba, 1989, akiwa na miaka 38. Waganda wengine wenye virusi walishika kazi yake ya kutoa ushuhuda hadharani, wakakusanyika chini ya jina lake.

Siku alipofariki zilibaki siku kumi kufika Krismasi. Hata leo, msimu ule ukiwadia, sauti yake husikika tena Kampala, madukani na redioni.