Mfuko Mmoja, Bei Mbili

Kwenye vijiwe vya Ufipa, kuanzia Sumbawanga mjini hadi Namanyere na Kate, kuna maneno yanayorudiwa mpaka yameota mizizi: fedha za bure zimezaa wezi. Serikali inamwaga ruzuku, TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, inagawa hela, vijana wanaacha jembe, na mwisho wake maduka yanavunjwa na wakala wa mbolea anageuka tapeli. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoyapa nguvu ya kudumu. Fedha za serikali zikifika dukani, uhalifu huwa hauko mbali. Lakini haufuati kila fedha. Unafuata zile zinazofanya bidhaa moja iwe na bei mbili.

Tuweke kando kwanza kuvunja duka usiku. Duka la kijijini siku hizi ni benki ndogo: mwenye duka huyohuyo ni wakala wa M-Pesa au Airtel Money, na baada ya mavuno fedha taslimu zinalala humo ndani. Wanaovunja mlango wanafuata droo hiyo. Hilo ni suala la kufuli, mlinzi na umbali wa kituo cha polisi, na halihitaji mchumi kulieleza. Uhalifu ninaotaka kuuzungumzia unafanyika mchana, kaunta ikiwa wazi, na aghalabu kila aliyehusika anaondoka anatabasamu.

Tuanze na mbolea, maana ndiyo bidhaa ambayo serikali imeigharamia zaidi Ufipa. Wafipa wa zamani waliijua njia yao ya kurutubisha ardhi: matuta ya mviringo ya intumba, majani yakifukiwa chini na kuachwa yaoze. Mahindi chotara hayakuridhika na majani. Yaliingia kwa kasi baada ya Mkoa wa Rukwa kuundwa mwaka 1974, wakati Shirika la Usagishaji la Taifa lilipokuwa likinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Nkasi alilipwa sawa na mwenzake aliye jirani na Dar es Salaam, na gharama ya lori kuvuka nusu ya nchi ikabebwa na serikali. Rukwa ikaingia katika mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Bei moja ilikuja kuondolewa. Mahindi yalibaki, na yakabaki na njaa yake ya mbolea.

Mwaka 2008/09 serikali ikaanzisha mfumo wa taifa wa vocha za pembejeo, na mwaka 2009 Benki ya Dunia ikaongeza mkopo. Kaya iliyochaguliwa ilipata vocha ya mbolea ya kupandia, vocha ya mbolea ya kukuzia na vocha ya mbegu bora, vyote vya kutosha ekari moja. Vocha ililipa karibu nusu ya bei na mkulima akamalizia nusu ya pili kutoka mfukoni. Kamati ya vocha ya kijiji ilichagua wanaostahili, wakala akatoa mzigo, kisha akapeleka vocha benki ya NMB kulipwa. Kwenye karatasi mfumo huo ulikuwa mzuri.

Sasa chukua hesabu ya mfano, namba zangu mwenyewe. Mfuko ni shilingi 60,000, vocha inalipa 30,000. Ni mwezi wa Novemba, mvua zinanukia, mahindi ya mwaka jana yamekwisha kuuzwa na ada ya shule imemeza kilichobaki. Mama mwenye vocha hana 30,000 za kumalizia. Wakala anamwambia, “Mama, usihangaike. Saini hapa, mimi nakupa elfu tano, ukanunue chumvi na sabuni.” Mama anasaini. Wakala anakwenda benki anachukua 30,000, na mfuko bado uko stoo. Kesho anamuuzia mwenye nazo kwa bei kamili ya 60,000. Mfuko mmoja umeingiza 90,000, ukitoa ile elfu tano.

Nani alalamike? Mama ameondoka na elfu tano ambayo hakuwa nayo asubuhi. Wakala amefanya biashara. Tajiri wa shamba kubwa amepata mbolea. Aliyeibiwa ni Hazina, na Hazina haina miguu ya kwenda kituo cha polisi Namanyere kuandikisha maelezo. Ndiyo maana wizi wa namna hii hukua kimyakimya hadi siku ya ukaguzi, ndipo watu wanapodai umeongezeka ghafla.

Kuna namna nyingine, ya wakubwa. Wachumi Lei Pan na Luc Christiaensen walichunguza ugawaji wa vocha mkoani Kilimanjaro na kukuta kwamba karibu asilimia 60 ya vocha zilikwenda kwa viongozi wa vijiji wa kuchaguliwa. Utafiti haukufanyika Ufipa, lakini mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano wa kijiji anajua majina ya mwanzo kwenye orodha huwa ya nani. Jambo la ajabu ni kwamba, kwa lengo la kupata mahindi mengi, hasara hiyo pengine ilikuwa ndogo kuliko ile ya mama wa elfu tano: kiongozi angalau mbolea aliitia shambani.

Na serikali nayo ilichangia kuwapika wezi wake, kwa kuchelewa kulipa. Mawakala wa pembejeo walizungushwa na madeni ya msimu hadi msimu, na serikali ilipoamua kuhakiki, ikakuta madai mengine hayana mkulima nyuma yake. Watu walilaani mawakala, na kwa haki. Lakini fikiria wakala mwaminifu aliyekopa benki kununua mzigo, akatoa mbolea kwa halali, kisha akasubiri mwaka mzima huku riba inakimbia. Msimu wa pili hayupo, amerudi kuuza nguo. Anayeweza kumudu kusubiri ni yule aliyeandika vocha mia kwa mifuko arobaini. Mlipaji anayechelewa anachuja wafanyabiashara, na chujio lake linabakiza makapi.

Wazee wa Kate waliokuwa watu wazima mwaka 1983 watasema haya si mageni. Baada ya Vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, nchi iliishiwa fedha za kigeni. Sukari, sabuni, mafuta ya kula na vitenge vikawa bidhaa adimu. Bei halali ilipangwa na Tume ya Bei, na bei ya pili ilikuwa ya mlango wa nyuma. Mwaka huo wa 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaongoza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Bunge likapitisha sheria maalumu, mahakama maalumu zikaundwa, dhamana hakuna, wakili hakuna. Kwa hofu, wafanyabiashara walitupa na kuficha mali ambayo watu walikuwa wakiitafuta kwa tochi.

Sokoine anakumbukwa kwa uadilifu wake na sina ugomvi na kumbukumbu hiyo. Ila msako haukujaza rafu. Sheria ile ilifutwa na kubadilishwa mwaka 1984 kwa Sheria ya Uhujumu Uchumi tunayoendelea nayo hadi leo. Mwaka huohuo serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa sana zilikotoka, na bei nyingi zikaanza kuachwa huru. Sabuni ikarudi dukani. Mlanguzi hakutubu, aliishiwa pengo la kuishi ndani yake.

Wanaodhani huu ni ugonjwa wa nchi maskini watazame Marekani. Huko serikali inawapa watu wa kipato kidogo msaada wa chakula, mpango unaoitwa SNAP, unaotumika kununua chakula tu. Mwenye shida ya kodi ya nyumba hawezi kulipa kodi kwa msaada huo, kwa hiyo anamwendea mwenye duka, wanakata dola 100 za chakula, yeye anapewa taslimu pengine 50, na mwenye duka anabaki na zilizosalia. Ni vocha ya Ufipa iliyovaa koti. Wizara ya kilimo ya huko imekuwa ikikadiria hasara hiyo: mwaka 1993 ilikuwa karibu senti nne katika kila dola ya msaada; kuponi za karatasi zilipobadilishwa kuwa kadi za kielektroniki, miaka ya 2002 hadi 2005 ikashuka hadi senti moja, kisha ikapanda kidogo hadi senti moja na nusu miaka ya 2012 hadi 2014. Kadi ilipunguza wizi sana. Haikuumaliza, kwa sababu aliyekosa kodi ya nyumba bado amekosa kodi ya nyumba.

Tanzania nayo imekwenda njia ya kielektroniki. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei za mbolea duniani, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya Mbeya wakati wa Nane Nane, Agosti 2022. DAP, mbolea ya kupandia, iliyokuwa zaidi ya shilingi 130,000 kwa mfuko wa kilo 50 ikauzwa 70,000. Wakulima waliandikishwa, kila mmoja akapewa namba, na mifuko ikasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Hatua hiyo ni kubwa kuliko vocha, kwani karatasi ya kuuziana chini ya mti haipo tena.

Lakini tazama pengo la mwaka huo: shilingi 60,000 kwa mfuko mmoja. Kwa bodaboda anayeijua njia ya panya kuelekea Zambia, au boti inayotoka Kirando kukatiza Ziwa Tanganyika, mifuko mitano ilikuwa faida ambayo hakuipata kirahisi kwa kubeba abiria. Na namba ya mkulima inakopesheka na kuuzika kama vocha ilivyouzika. Mkulima aliyejiandikishia ekari kumi akiwa na mbili ana mifuko ya ziada kwenye simu yake. Mfumo unajua namba iliyonunua. Haujui shamba lililokula.

Sasa TASAF, inayolaumiwa kuliko wote. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini ulizinduliwa mwaka 2012, na awamu ya pili ikaanza 2020. Katika awamu ya kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na ukijumlisha ya watoto, kliniki na shule, kaya haikuweza kuvuka 38,000. Waliofanya kazi za miradi ya jamii walilipwa 2,300 kwa siku. Anayeniambia kijana wa Kate ameacha shamba kwa sababu ya fedha hizo, namwomba ajaribu kuishi nazo wiki moja.

Shilingi elfu kumi ya TASAF ni elfu kumi kwa kila mtu. Hakuna wakala anayeweza kuinunua kwa elfu mbili akaiuza kwa kumi. Ndiyo maana wizi wake haukai dukani. Umehamia kwenye orodha, ambako kulipatikana kaya hewa kwa maelfu, wakiwemo marehemu na watu wenye uwezo. Dawa ya huko ni majina kusomwa mbele ya mkutano wa kijiji, kwa sauti, mtendaji akiwa amekaa na si kusimama na rejesta mkononi. Kuhusu matumizi, majaribio ya mwanzo yaliyofanyika Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kuanzia 2010 yalionyesha kaya zikijiunga na bima ya afya ya jamii, zikinunua viatu vya watoto na kufuga. Wanaosema hela yote inaishia kwenye kilabu cha pombe ya ulezi wamemwona mlevi mmoja na kumfanya takwimu.

Je, basi tufute ruzuku ya mbolea, tugawe fedha tu? Sishauri hivyo, walau si Ufipa. Ekari isiyotiwa mbolea hapa haitoi mahindi ya kulisha nyumba, na fedha iliyogawiwa Juni haitakuwepo Novemba. Itakuwa imekuwa bati, mahari au matibabu. Ruzuku ina sababu yake. Kinachoweza kupunguzwa ni ukubwa wa pengo na muda wa kukaa wazi.

Pengo la 60,000 linavutia magendo. La 20,000 halilipi mafuta ya pikipiki mpaka Kasesya, mpakani na Zambia. Bei ya dunia ikishuka, ruzuku nayo ishuke mapema, isisubiri mwaka wa uchaguzi upite. Na duka la wakala lifunguliwe Julai, mahindi yakiwa bado uani na mkulima ana fedha ya kumalizia, badala ya mbolea kufika Kate Desemba wakati barabara ni matope na mama hana kitu ila namba yake. Wakala naye alipwe ndani ya mwezi mmoja, ili yule aliyerudi kuuza nguo apate sababu ya kurudi kwenye mbolea.