Kamera Mbele ya Kanisa: Askari wa Zamu Afanye Nini?

Na Ofisa wa Uhusiano wa Jeshi

Tarehe 1 Julai 2020 miji ya Jinja na Mbale ilipandishwa hadhi ikawa majiji. Tangu hapo ujenzi umeongezeka, na wageni nao wameongezeka. Miongoni mwa wageni hao wamo wanaosimama kando ya barabara na kuelekeza kamera zao kwenye minara ya makanisa, matao ya madirisha, vioo vya rangi na nakshi za mahekalu ya Wahindu. Askari aliye zamu huwatazama kwa mashaka. Yafaa basi tueleze watu hao wanatafuta nini, na wajibu wa askari mbele yao ni upi.

MAJENGO YENYEWE

Jinja ilikua kwa pamba, kwa reli, na tangu mwaka 1954 kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale. Wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi walijenga katika barabara kuu maduka yenye mapambo ya plasta, na juu ya baadhi yake waliandika mwaka wa ujenzi. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia kwa muda wa siku 90, na majengo yao, pamoja na nyumba za ibada, yakabaki bila wale walioyajenga.

Makanisa nayo yana historia yake. Dayosisi ya Kikatoliki ya Jinja iliundwa mwaka 1966, na Waanglikana wa Busoga wana Kanisa Kuu la Kristo huko Bugembe. Mbale, mji uliotokana na makao ya Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne ya 20, una Kanisa Kuu la Mtakatifu Andrea. Nje kidogo ya mji, katika kilima cha Nabugoye, ipo sinagogi ya Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Kakungulu huyo huyo mwaka 1919. Chuo Kikuu cha Kiislamu nacho kimekuwapo Mbale tangu mwaka 1988. Ni nadra kuona dini nyingi hivyo zikijenga karibu karibu chini ya jabali moja la Wanale.

KAZI YA MPIGA PICHA

Anayepiga picha ya jengo lenye nakshi hana budi kufuata jua. Jinja na Mbale ziko karibu sana na mstari wa ikweta. Saa sita mchana jua huwa utosini, na nakshi za ukutani huonekana bapa au hufunikwa na vivuli vizito. Kwa hiyo mpiga picha hufika asubuhi na mapema, huondoka, kisha hurudi jioni. Kwa desturi ya kale makanisa mengi hujengwa madhabahu ikiwa mashariki na mlango mkuu ukiwa magharibi, hivyo uso wa kanisa hupata nuru nzuri alasiri.

Tena, akiinua kamera akiwa karibu na mnara, mnara huo katika picha huonekana kama unaanguka nyuma. Ili kuepuka jambo hilo husogea mbali, huvuka barabara, au huomba kupanda ghorofa la jirani. Ndani ya kanisa nuru ni haba. Huweka kamera juu ya stendi na kungoja kwa muda mrefu. Pengine hupima kuta na kuandika katika daftari.

Askari aliyefundishwa upelelezi atatambua mara moja kwamba hayo yote ndiyo afanyayo adui anayechunguza shabaha yake. Hapo ndipo penye ugumu. Wala hofu hiyo si ya bure: mwezi Septemba 2023 polisi walizuia jaribio la kulipua bomu katika kanisa la Rubaga Miracle Centre, Kampala.

FAIDA KWA TAIFA

Hata hivyo, picha hizo zina thamani ambayo huonekana siku ya msiba. Makaburi ya Kasubi yalipoungua tarehe 16 Machi 2010, mafundi walihitaji kumbukumbu za jinsi jengo lilivyokuwa. Kanisa la Frauenkirche la Dresden, Ujerumani, liliangamia katika mashambulizi ya Februari 1945; picha za zamani zilisaidia kulijenga upya, likawekwa wakfu tena mwaka 2005. Katika miji yetu majengo ya kale hubomolewa kupisha maghorofa, na lisilopigwa picha likibomolewa hutoweka kabisa.

Sheria za vita nazo zinatuhusu. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1954 unataka majeshi yaheshimu mali ya utamaduni. Mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka tisa kwa kushambulia makaburi matakatifu ya Timbuktu.

WAJIBU WA ASKARI

Pana tofauti kati ya mahali na mahali. Bwawa la Nalubaale na kambi za jeshi ni mahali pa ulinzi; huko katazo husimamiwa bila kusitasita. Kanisa ni nyumba ya ibada iliyo wazi kwa watu, na mwenye kutoa ruhusa ya kupiga picha ndani yake ni kasisi au mchungaji.

Kwa hiyo askari na amwendee mpiga picha, amsalimu, amwulize ametoka wapi na nani amempa ruhusa, kisha ahakikishe kwa viongozi wa kanisa. Aangalie kamera imeelekezwa wapi. Mpenda nakshi hutazama juu, kwenye matao na minara. Anayerudia rudia kupiga malango, walinzi na saa za kubadilishana zamu, huyo apelekwe kwa mkuu wa kituo. Kumnyang'anya mtu kamera kabla ya kumwuliza neno ni uonevu, na humfundisha mwananchi kumkimbia askari siku atakapokuwa na habari ya kweli ya kumpa.

Asiyetiliwa shaka na aachwe amalize kazi yake. Huenda siku moja fundi wa Bugembe au wa Mbale akaihitaji picha ile ili ajue jiwe lipi lilikuwa wapi.