Kompyuta inasoma joto la ajabu? Angalia namba inavyopanda kabla hujatoa hela ya prosesa



Hii ni ya wale wenye kompyuta ya mezani nyumbani inayowaingizia hela. Unachapa barua, unaprinti, unawajazia watu fomu za ajira na mikopo ya chuo, unatengeneza kadi za harusi, unaweka nyimbo kwenye flashi. Mashine kama hiyo ikianza kujizima siku ya mwisho ya kutuma maombi, mteja hakusubiri. Anavuka barabara kwa jirani, na wengi wakivuka hawarudi.

Mimi niliishia form four na kompyuta nimejifunzia dukani, kwa hiyo sitaongea kiinjinia. Nataka tuelewane jambo moja tu. Mtu akikwambia "prosesa imeungua" kwa sababu mashine inapata joto, usitoe hela hapohapo. Prosesa za sasa zina ulinzi wake. Joto likizidi, prosesa inapunguza mwendo yenyewe, na likizidi tena mashine inazima. Intel nyingi tulizonazo kwenye hizi mtumba za HP na Dell zinaanza kujibana karibu na nyuzi 100, AMD Ryzen nyingi kwenye 90 mpaka 95. Kwa hiyo mashine nzito na inayojizima mara nyingi ina prosesa nzima kabisa. Kinachoumwa ni kitu cha pembeni, na kingi ni cha bei ndogo.

Cha kwanza pata namba. Weka Core Temp au HWiNFO, zote za bure, ila uzipakue kwenye tovuti ya wenyewe, siyo kwenye vile vitufe vya kijani vinavyomeremeta. Halafu chukua karatasi uandike vitu vitatu: chumba kina joto gani, prosesa inasoma ngapi mashine ikiwa imewaka dakika kumi bila kazi, na inasoma ngapi baada ya dakika kumi na tano za kazi nzito. Kama huna kazi nzito ya kuipa, CPU-Z ina kitufe cha kuitesa prosesa, nayo ni ya bure.

Joto la chumba watu wanalipuuza, na hapo ndo wanapotishika bure. Mashine iliyotulia huwa juu ya chumba kwa nyuzi 10 hadi 20 hivi. Sasa Dar mwezi wa kwanza, chumba cha bati kina 32 au zaidi, ukiona 48 hiyo ni kawaida. Aliyeko Njombe mwezi wa sita akiona 48 mashine haifanyi kitu, aanze kuuliza. Na usijilinganishe na jamaa wa YouTube anayesoma 28, yule yuko nchi ya baridi au ana AC. Kwenye kazi, 60 mpaka 80 kwa feni iliyokuja na mashine haina neno. Ukipita 90 kwa kuchapa barua tu, kuna ugonjwa. Na kama koa moja inasoma 52 nyingine 58, achana nayo, koa hazilingani.

Tukishakuwa na namba, angalia zinavyotembea.

Kama ukianza kazi joto linaruka kutoka 45 mpaka 95 ndani ya sekunde chache, na ukiacha kazi linashuka haraka vilevile, basi joto halitoki kwenye prosesa kwenda kwenye hitisinki, lile bonge la alumini lenye mapezi linalokaa chini ya feni. Hakikisha kwa mkono. Zima, chomoa waya ukutani, gusa bonge. Programu ilikuwa inasema 95 na bonge liko vuguvugu tu? Basi havigusani vizuri. Ama pesti iliyo katikati yao imekauka kama chokaa, ama bonge limelegea upande mmoja.

Kulegea kunatokea sana kwenye zile feni za Intel zenye miguu minne ya plastiki nyeusi. Mashine imepanda bodaboda kutoka Kariakoo, imetikisika njia nzima, mguu mmoja ukachomoka. Au mtu alifungua kufuta vumbi, akarudisha, miguu mitatu ikaingia na wa nne ukasimama tu juu ya tundu. Kwa macho yote inaonekana imekaa. Jaribu kuinua kila mguu taratibu, unaocheza ndo huo. Kurudisha unabonyeza kwa mshazari, mmoja na wa kona ya pili, halafu wale wawili waliobaki, mpaka kila mmoja ulie. Ukiweza kuona nyuma ya mazabodi, kila mguu uwe umetokeza sawasawa. Ukiona plastiki imekatika usifunge kwa uzi wala supagluu, tafuta feni nyingine, kwa mafundi wanaovunja mashine mbovu zipo.

Kuna dada anafanya steshenari sebuleni kwake huku kwetu Morogoro, aliambiwa prosesa na mazabodi vyote vibadilishwe. Hela aliyotajiwa ilikuwa karibu na bei ya mashine nyingine ya mtumba. Mashine yake ilikuwa inaruka hivihivi, 40 kwenda 98 akifungua tu faili la kadi. Miguu ilikuwa mizima, pesti ndo ilikuwa imekuwa unga. Ilipakwa mpya na leo kwenye kazi inasoma 66.

Pesti sirinji ndogo ni rahisi kuliko rimu moja ya karatasi. Futa ya zamani pande zote mbili kwa kitambaa laini chenye spiriti, acha ikauke, weka tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati, kandamiza bonge moja kwa moja, funga. Nyingi siyo bora, hii siyo siagi ya mkate. Na dawa ya meno, wakuu, tuiachie meno. Inashusha joto siku chache, inakauka, unarudi palepale. Wenye AMD za soketi ya AM4 na za kabla yake kuwa makini: pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na pesti iliyokauka inaweza kuing'ang'ania ikang'oka pamoja na bonge, pini zikapinda. Washa mashine dakika kumi ipate moto pesti ilainike, zima, chomoa waya, halafu zungusha bonge kidogokidogo kulia kushoto kabla ya kuinua.

Mwenendo wa pili ni joto linalopanda polepole, dakika kumi, dakika ishirini, mpaka linafika 90, na bonge ukiligusa ni la moto kweli. Hapo joto limefika kwenye bonge ila halina pa kwenda. Fungua mfuniko wa pembeni uendelee na kazi ileile. Likishuka nyuzi 10 au zaidi, hewa ilikuwa haiingii kwenye keisi. Lisiposhuka, angalia vumbi kati ya feni na mapezi, ambalo kwa juu halionekani, na uangalie feni kama inazunguka kwa nguvu au inajivuta. Waya uliolegea ukigusa panga la feni nao unaisimamisha.

Vumbi lina aina zake. Aliyeko kando ya barabara ya vumbi anapuliza linatoka. Aliye jirani na mashine ya kusaga au anayepika chumba kilekile ana unga uliochanganyika na mafuta, huo haupulizwi, unasuguliwa kwa brashi laini ya rangi. Ukipuliza, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke kama kichaa, zinaharibika. Wengine wanapeleka kwa fundi pancha wapigiwe upepo wa kompresa. Ile mitungi huwa inakusanya maji ndani, na yanatoka pamoja na upepo. Tumia blowa ya umeme, kwa umbali, nje ya nyumba.

Na ile mitindo yetu ya nyumbani: keisi ndani ya kabati la meza, mgongo umebanwa ukutani, juu kitambaa cha kufuma kizuri kimefunika matundu yote. Kitambaa kipeleke kwenye redio. Acha shubiri moja nyuma, inua keisi kutoka sakafuni pale ufagio unapopita. Kuacha mfuniko wazi moja kwa moja sishauri, ni dawa ya kupimia tu. Mjusi akiingia kwenye pawa saplai utanitafuta.

Kuna joto lingine linakuwa juu muda wote hata hujagusa kitu. Hapo kuna kitu kinafanya kazi bila wewe. Fungua Task Manager uone nani anakula prosesa. Ikiwa ni Windows inajisasisha, iache imalize. Ikiwa ni jina usilolijua linakula 80 kwa mia, washuku flashi za wateja. Virusi vya kuchimba sarafu za mtandaoni vinatumia prosesa yako kumtajirisha mwingine, na vingine ni vijanja, ukifungua Task Manager vinanyamaza. Joto likishuka kila ukiifungua na kupanda ukiifunga, pitisha skani nzima ya antivirusi, mashine ikiwa haina intaneti.

Sasa zile namba zenyewe za ajabu. Prosesa inasoma nyuzi 18 na chumba kina 30? Haiwezekani, feni haiwezi kupoza kitu chini ya hewa inayopuliza. Hiyo ni sensa, na AMD FX za zamani zinajulikana kwa hilo zikiwa zimetulia. Core 2 Duo kama E8400 nazo sensa zake hukwama, namba haishuki hata asubuhi ya baridi ila ikipata kazi inapanda kawaida. Ryzen za mwanzo 1600X, 1700X na 1800X zilitengenezwa kuripoti nyuzi 20 juu ya ukweli ili feni iwahi kukaza, programu ya zamani ikikuonyesha 70 toa 20. Ukiona 127 mahali palipoandikwa AUX, mara nyingi ni sensa isiyounganishwa na kitu. Na BIOS kusoma juu kuliko Windows ni kawaida, mle prosesa hailali. Kwa zote hizi hakuna cha kununua.

Mashine ikizima ghafla huku prosesa inasoma 55, acha kuihangaikia prosesa. Angalia pawa saplai, umeme mdogo wa mtaani, na kapasita zilizovimba kichwa kwenye mazabodi. Hapo ndo pa kumpa fundi, na umpelekee ile karatasi yako ya namba.

Mwenye mashine inayosoma vitu visivyoeleweka aandike hapa chini jina la prosesa, joto la chumba, namba ikiwa imetulia na namba ikiwa kazini. Na uniambie imepanda kwa sekunde au kwa dakika.